Umenunua tovuti, muziki umegoma: dalili, chanzo na tiba

Tovuti nyingi zinazouzwa siku hizi zina muziki ndani yake hata kama si tovuti za muziki. Blogu ya mapishi ina video zenye biti chini ya maelezo, tovuti ya mahubiri ina kwaya, ya habari ina podikasti yenye jingo la kufungulia. Mnunuzi hukagua kikoa (jina la tovuti mtandaoni), idadi ya wasomaji na mapato ya matangazo, sauti akaiacha ijisemee. Inajisemea kweli, ila huwa ni baada ya fedha kuhama.

Matatizo yenyewe yana sura nyingi, lakini ukiyafukua karibu yote yana mzizi mmoja: leseni ya muziki hutolewa kwa mtu au kampuni, na mtu huyo akiuza tovuti, leseni inabaki naye. Ni kama daladala. Gari unaweza kulinunua leo na kulilaza kwako leo, lakini leseni ya njia ilikuwa kwa jina la mwenye gari wa zamani, na wewe unatakiwa uombe yako.

Jambo la pili la kushika kabla hatujaanza kupekua: wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studio. Mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Mtunzi anaweza kukupa baraka zake zote na bado mwenye rekodi akakushitaki.

Dalili: muuzaji anasema muziki wote una leseni, karatasi hazionekani

Hii ndiyo dalili bora kuliko zote, kwa kuwa unaiona kabla ya kulipa. Usibishane naye. Mwombe vitu viwili kwa kila wimbo: risiti, na nakala ya masharti ya leseni kama yalivyokuwa siku aliponunua. Vikija, soma jina kwanza. Mara nyingi utakuta jina la mtengeneza tovuti aliyelipia kwa kadi yake miaka iliyopita, na siku hizi hata simu hapokei. Hapo hata muuzaji mwenyewe hakuwahi kuwa na leseni, sembuse ya kukupa wewe.

Kisha angalia kama ni leseni ya kununua mara moja au ni ya kulipia kila mwezi. Huduma za kulipia kila mwezi, Epidemic Sound ikiwamo, zina utaratibu unaofanana: ulichokichapisha wakati unalipa kinabaki salama, ukiacha kulipa huruhusiwi kutengeneza kipya kwa muziki wao. Lakini huyo anayelindwa ni aliyekuwa analipa. Kwa mtu aliyenunua tovuti, majibu yanatofautiana kampuni na kampuni, kwa hiyo waandikie na utunze jibu lao.

Baada ya karatasi, sikiliza. Vaa spika za masikioni, fungua video tano za zamani na uziache ziishe. Nyimbo za AudioJungle zinazowekwa kwa ajili ya kujaribu zina sauti ya mtu inayotamka jina la duka hilo kila baada ya muda mfupi. Ukiisikia imejificha chini ya video ya nyumba zinazouzwa, umeshapata jibu: wimbo ule haukulipiwa kamwe, aliyeutumia alichukua sampuli ya bure. Halafu pakua faili mbili tatu za MP3 uangalie taarifa zilizobebwa ndani yake, yaani jina la msanii, albamu na maoni. Faili iliyochotwa kwenye tovuti ya kupakua nyimbo kwa kawaida huwa na anwani ya tovuti hiyo imegongwa pale penye maoni au hata pale penye jina la albamu. Muuzaji anaweza kusahau alikotoa wimbo, faili haisahau.

Sauti hizo utazipataje zote? Kama tovuti ni ya WordPress, fungua maktaba ya faili uchuje sauti peke yake, kisha rudia kwa video. Usiishie hapo. Ingia kwenye folda ya wp-content/uploads na utafute faili zinazoishia na .mp3, .m4a, .wav, .ogg na .mp4, kwa kuwa zilizopakiwa kwa njia nyingine hazionekani kwenye maktaba. Angalia pia folda ya mandhari ya tovuti. Kuna watengenezaji wanaopenda kuficha muziki humo, ule unaojipiga wenyewe ukurasa ukifunguka. (Ukiukuta, ufute hata kama una leseni. Wasomaji watakushukuru.)

Tiba ina njia tatu. Muuzaji anaweza kupata barua ya mwenye haki inayokubali leseni ihamie kwako. Unaweza kununua kampuni yenyewe inayomiliki tovuti badala ya kununua tovuti peke yake, na hapo mwenye leseni anabaki yuleyule kisheria. Ila soma kama mkataba una kifungu cha mabadiliko ya umiliki, na ujue kwamba ukinunua kampuni umenunua na madeni yake, pamoja na makosa ya hakimiliki ya zamani. Njia ya tatu ni kung'oa muziki wote usio na karatasi na kuweka uliolipia mwenyewe. Kwa tovuti ndogo ningechagua hii ya tatu bila kufikiria mara mbili. Kumsaka mtunzi aliyeko Ukraine kwa ajili ya wimbo wa sekunde arobaini ni kazi inayokula muda kuliko thamani yake.

Dalili: video zilizokaa kimya miaka miwili zimeanza kudaiwa YouTube

Tovuti nyingi huuzwa pamoja na chaneli yake, na hapa ndipo wanunuzi hushtuka zaidi. Kwanza tofautisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Dai la Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, ni mashine imetambua sauti. Kwa kawaida video inabaki hewani na mapato yake yanakwenda kwa mdai. Onyo la hakimiliki ni mwenye haki ameandika rasmi video iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Na onyo linakaa na chaneli, halijali nani ameinunua jana. Kabla ya kulipa, muuzaji afungue YouTube Studio mbele yako, ukurasa wa hakimiliki, na uone kwa macho yako. Picha ya skrini aliyotuma kwa WhatsApp isikutoshe.

Kama madai yameanza baada ya mauzo, chanzo cha kwanza cha kukagua ni usajili wa muuzaji. Alipokuwa analipia huduma ya muziki, chaneli ilikuwa imeunganishwa na akaunti yake ili mashine iiruke. Amepokea fedha zako, akafuta usajili au akaitoa chaneli ili aunganishe mpya. Mwombe aiunganishe tena kwa muda wakati wewe unafungua akaunti yako. Hili lingepaswa kuwa sharti kwenye mkataba wa mauziano: haondoi chochote mpaka wewe uthibitishe.

Chanzo cha pili ni biti ya kukodi, na huku kwetu ndicho kinachosumbua zaidi. Prodyuza huuza biti moja kwa watu wengi, kila mmoja kwa leseni isiyo ya kipekee. Muuzaji wako alikodi biti akaiweka chini ya video zake zote. Mwaka uliofuata msanii mwingine akakodi biti ileile, akaimba juu yake, akausambaza wimbo kupitia msambazaji wa kidijitali, na msambazaji akauingiza Content ID. Mashine haijui nani alitangulia. Inasikia mdundo uleule tu. Dai la namna hii unaweza kulipinga, na mdai ana siku 30 za kujibu, lakini unalipinga kwa karatasi gani? Leseni iko kwa jina la muuzaji. Ukiambatisha risiti yake kana kwamba ni yako unajitengenezea kesi ya pili. Rudi kwa prodyuza, nunua leseni yako mwenyewe, mwombe aandike kwamba imetolewa kwako, halafu ndipo upinge. Prodyuza wengi watakubali, maana ni mauzo mengine kwao.

Chanzo cha tatu ni muziki wa Creative Commons, yaani leseni za wazi ambazo msanii huruhusu watu watumie kazi yake kwa masharti, uliochukuliwa kwa kuamini kuwa ni wa bure kwa kila kitu. Leseni hizi zina uzuri wake kwa mnunuzi wa tovuti: hutolewa kwa umma mzima, kwa hiyo na wewe unazo bila kuhamishiwa, mradi utimize masharti. Angalia herufi. Yenye NC hairuhusu matumizi ya kibiashara. Tovuti iliyokuwa ya kujifurahisha ukaigeuza ya matangazo, unaingia matatani kwa wimbo uleule ambao haukumsumbua mwenzako. Yenye ND hairuhusu kazi iliyobadilishwa, na kwa masharti ya Creative Commons kuoanisha wimbo na picha za video kunahesabiwa ni kuibadilisha. Video nyingi sana zinavunja sharti hili na wenyewe hawana habari. Kwa toleo la 4.0, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, ruhusa yako inarudi yenyewe.

Dalili: kampuni inayohifadhi tovuti imezima kurasa na kutuma notisi

Soma notisi kwanza, ujue imetumwa chini ya sheria gani. Tovuti nyingi za Afrika Mashariki zimehifadhiwa kwenye seva za kampuni za Marekani, kwa hiyo notisi huwa ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998. Kwa Kenya, marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa namna hiyo kwa watoa huduma wa ndani, wakiwa na saa 48 za kazi kuchukua hatua.

Ondoa faili hilo siku hiyohiyo, kisha ndipo uulize maswali. Usimjibu mtu kwamba kosa ni la mwenye tovuti wa zamani. Kupakia kulikuwa kosa lake, sawa, lakini faili linaendelea kugawiwa leo kutoka kwenye seva unayoilipia wewe. Notisi ya kupinga itume tu kama una hati mkononi, kwa kuwa kwa DMCA unaapa kwamba unachosema ni kweli na unakubali kushitakiwa mahakama ya Marekani. Ukiituma, kurasa hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mdai awe amefungua kesi. Fidia ya kisheria huko huanzia dola 750 kwa kazi moja na inaweza kufika dola 150,000 kama ulifanya makusudi. Kwa MP3 ya mtu mwingine hakuna sababu ya kujaribu bahati.

Kama tovuti inaruhusu watumiaji wapakie nyimbo wenyewe, kuna kitu kimoja kidogo kinachosahauliwa karibu kila mara. Kinga ya DMCA kwa mwenye tovuti ya namna hiyo inataka awe na wakala wa kupokea notisi aliyesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Usajili ni wa mwenye tovuti, ada yake ni dola 6, na hufa baada ya miaka mitatu usipouhuisha. Muuzaji alikuwa nao, wewe huna. Jisajili siku unayopokea kikoa.

Dalili: wasomaji wameporomoka na matangazo yamekatwa

Ingiza kikoa kwenye Ripoti ya Uwazi ya Google, sehemu ya maombi ya kuondoa maudhui kwa sababu ya hakimiliki. Itakuonyesha ni viungo vingapi vya tovuti hiyo vimelalamikiwa na nani. Hifadhi ya Lumen ina nakala za notisi zenyewe. Tangu Agosti 2012 Google huishusha kwenye matokeo tovuti yenye maombi mengi halali ya namna hii. Hakuna uchawi wa kuipandisha. Unafuta, unajaza maudhui safi, unasubiri.

Kagua haya kabla ya kununua na inakuchukua muda wa kikombe cha chai. Ukikuta maelfu ya viungo vimelalamikiwa, unachouziwa ni wasomaji waliokuja kupakua nyimbo za watu bure. Ukizifuta nyimbo, wanaondoka nazo. Tovuti ya hivyo bei yake halisi ni bei ya kikoa, na kikoa chenyewe kimechafuka. Kumbuka pia akaunti ya AdSense, huduma ya matangazo ya Google, haihamishwi kwa mtu mwingine. Utaomba yako, na Google wataikagua tovuti kama ilivyo siku hiyo.

Dalili: msanii amepiga simu, anasema alimruhusu yule, hakukuruhusu wewe

Hapa sheria na desturi zetu zinagongana, na inafaa kwenda taratibu. Blogu za muziki za Tanzania na Kenya zilikua kwa utaratibu usioandikwa. Wimbo mpya ukitoka, meneja anatuma MP3 na picha ya jalada kwa WhatsApp, pamoja na neno moja: "Broo, tupia." Mwenye blogu anaupandisha usiku uleule. Pengine hata analipwa kidogo kwa ajili ya kuuweka juu. Kila mtu anafurahi, na hakuna aliyeandika popote kama ruhusa ni ya mwezi mmoja au ya milele, ya blogu au ya mtu.

Miaka inapita. Msanii amesaini na lebo, au na msambazaji anayetaka haki ya kipekee ya rekodi zake zote, za zamani zikiwamo. Sasa ile MP3 ya kupakua bure inakula mapato ya Boomplay na Spotify. Blogu nayo imeuzwa, kwa hiyo hata urafiki uliokuwa unailinda haupo tena.

Ruhusa ya WhatsApp ni ruhusa, nami sikubaliani na wanaosema haina maana kabisa. Inaweza kumtetea muuzaji kwa alichokifanya wakati ule. Lakini ni ruhusa isiyo ya kipekee, aliyepewa ni yeye, na mtoaji anaweza kuifuta. Usiitegemee. Kuna wanunuzi wanaojibu kwamba wimbo haujasajiliwa COSOTA au KECOBO, taasisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya. Waache na hilo. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania 1994. Hakimiliki inazaliwa kazi inapotengenezwa, usajili unasaidia ushahidi tu.

Unachofanya ni hiki: toa faili la kupakua, acha habari na maneno yako, pachika kicheza muziki kutoka chaneli rasmi ya msanii. Kisha umpigie. "Kaka, nimechukua tovuti hii mwezi uliopita, nimeshaondoa faili, nimeweka video yako mwenyewe ili mitazamo iende kwako. Ungependa tufanye vipi kwa zilizobaki?" Simu nyingi za hasira huishia hapo, na wengine hukutumia kazi mpya, safari hii kwa barua pepe yenye maneno machache ya ruhusa inayotaja tovuti na mwenye tovuti.

Dalili: kuna kibali cha muziki ukutani, lakini madai yanaendelea

Leseni ya kupiga muziki hadharani, ile ya hoteli, baa na kumbi, inahusu kupiga muziki mbele ya watu. Haikupi ruhusa ya kuweka wimbo chini ya video wala kugawa faili. Muuzaji akikuonyesha hiyo, mshukuru na uendelee kuomba nyingine.

Dalili: prodyuza anadai jingo la podikasti ni lake

Pengine ni lake kweli. Kulipa studio si lazima iwe ndiyo kununua hakimiliki. Kuihamisha kunataka hati iliyoandikwa na kusainiwa. Muuzaji apate saini ya prodyuza kabla ya siku ya kukabidhiana, wakati bado ana hamu ya kupokea fedha.

Dalili: uliambiwa nyimbo za zamani hazina mwenyewe, kumbe wapo

Tanzania Bara na Kenya zinalinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ina hesabu yake, na kila nchi ina ya kwake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Kwa sheria ya Marekani, rekodi iliyotolewa 1928 inalindwa mpaka mwisho wa 2028. Na kama uliyonayo imetoka kwenye albamu mpya iliyosafishwa sauti, kuna kampuni itakayodai usafi huo ni kazi yake. Tovuti ya taarab za kale inauzika vizuri, lakini mnunuzi adai orodha inayosema kila wimbo umetoka kwenye santuri au albamu gani.

Dalili: umeuza, na notisi bado zinakuja kwako

Muuzaji naye ana homa zake. Angalia jina la nani bado liko kwenye usajili wa kikoa, akaunti ya seva, wakala wa DMCA na ukurasa wa mawasiliano. Popote lilipo lako, notisi itakufuata.

Kinga yake huanzia kwenye mkataba. Andika siku na saa ya makabidhiano. Ambatisha orodha ya muziki: jina la wimbo, ukurasa ulipo, mwenye haki, aina ya leseni, na kama inahama, haihami au wimbo umeondolewa. Ahidi kile unachokijua tu. Kifungu kinachosema kila kitu kwenye tovuti ni halali kitakurudia. Mnunuzi mwerevu atataka sehemu ya bei ikae kwa mtu wa kati kwa miezi kadhaa ili madai ya zamani yalipwe humo, na hilo ni ombi la haki, mradi mkubaliane kikomo. Mvutano huwa kwenye muda: mnunuzi anajua kwamba Marekani mdai ana miaka mitatu ya kufungua kesi, wewe unataka fedha zako mwezi ujao. Miezi sita huwa ni maafikiano yanayowezekana.

Notisi ikija baada ya hapo, usiipuuze kwa kuwa si yako tena. Mjibu mdai siku hiyo, mpe tarehe ya makabidhiano na barua pepe ya mmiliki mpya, mtumie mmiliki nakala, kisha ingia kwa msajili wa kikoa uone kwa nini jina lako bado lipo.